Nilichanjwa chanjo ya majaribio ya ukimwi, miaka baadae kliniki wakaniambia nimeathirika

Wadau habari zenu. Naandika hii mana kuna dogo wa mtaani kwetu kanifuata juzi, kasikia kuna utafiti wa chanjo ya ukimwi wanatafuta watu wa kujitolea, anataka kujua aende au aachane nao. Nikaanza kumwelezea, kuja kushtuka saa nzima imepita na soda yake imeisha gesi, kwa hiyo bora niyaweke hapa.

Mimi nilichanjwa, hapa hapa Dar, enzi hizo sijaoa. Wala sikuwa wa kwanza, Uganda walianza 1999, Kenya 2001, na hapa kwetu askari polisi 60 wa Dar walijitolea kwenye ule utafiti wa HIVIS pale Muhimbili ulioanza 2007. Mama yangu aliposikia alilia akasema mwanangu umeenda kuuza mwili wako wakupandikize ugonjwa. Hapana jamani. Kwenye chanjo hizi hakuna kirusi kizima cha ukimwi, ni vipande vya vinasaba vilivyotengenezwa maabara, na kwenye chanjo kama ile ya wale askari dozi za mwisho vipande vinabebwa na kirusi kingine cha jamii ya ndui ambacho kimedhoofishwa mpaka hakiwezi kuzaliana mwilini mwa binadamu. Ukimwi kwa njia hiyo hupati.

Kabla ya kusaini unafundishwa halafu unapewa maswali, kweli au si kweli, ukikosa unafundishwa tena. Pale usione aibu kuuliza, mimi nilikuwa naitikia tu ndio ndio nimeelewa mana nilitaka tumalize niwahi daladala, na hilo lilikuja kunigharimu. Chanjo yenyewe ilipigwa na kidude kisicho na sindano, kinasukuma dawa kwa presha, kinalia pa! mkono unaruka. Usiku nikapata homa kidogo na kichwa, mkono ukavimba kama nimeng'atwa na nyuki, nikapewa rula na kipimajoto niwe napima uvimbe na joto kila jioni naandika kwenye kadi. Siku mbili tatu ikaisha. Kinachochosha kwenye hizi tafiti ni damu, unatolewa vichupa mpaka unajiuliza unabaki na nini.

Kuna jamaa tulikuwa nae kundi moja, akaanza kuringa kitaani kwamba yeye saa hizi ana kinga. Kinga gani bwana? Hatua ya kwanza wanaangalia vitu viwili tu, chanjo inadhuru au haidhuru, na mwili unaitikia au hauitikii. Kama inazuia ukimwi hilo linakuja kuulizwa mbele huko, tena kwa maelfu ya watu, na wengine kwenye kundi lenu mmepewa maji ya chumvi tu na hamjui nani kapata nini. Kondomu iko pale pale.

Sasa lile lililonigharimu. Mwili ukiitikia chanjo unatengeneza kingamwili, yaani vile vitu mwili unavyotengeneza kupambana na kirusi, na vile vipimo vya haraka vya kutoboa kidole vinatafuta hizo hizo kingamwili, vyenyewe havitafuti kirusi. Kwa hiyo mtu unaweza kuwa mzima kabisa na kipimo kikasoma una virusi, na hali hiyo inaweza kukaa miaka. Niliambiwa hili siku ya kusaini na nikaitikia ndio.

Miaka ikapita, utafiti ukaisha, tukaambiwa nani alipata chanjo nani maji, mimi chanjo. Nikaoa. Mke wangu akabeba mimba, tukaenda kliniki hudhurio la kwanza, si unajua wanataka baba nae apime. Nesi akachukua cha mke wangu, mstari mmoja. Akachukua changu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakiweka, akamwita mwenzake. Mistari miwili. Mke wangu hakuniangalia, alikuwa anafunga na kufungua zipu ya pochi yake. Nikaanza kueleza, nesi mimi nilichanjwa chanjo ya majaribio, akanijibu kwa upole kabisa, kaka yangu, hapa kila mtu ana stori yake, tuanze dawa leo leo. Kadi yangu ya utafiti iko wapi? Kwenye begi la zamani kwa kaka, Mbagala. Mke wangu nilishamwambia habari za chanjo? Sijawahi, niliona ni mambo yaliyopita.

Sikumeza dawa, nilimpigia nesi wa utafiti, namba yake nashukuru nilikuwa nayo, akaniambia njoo kesho na mkeo. Wakanichukulia damu ya PCR, hicho ndio kinatafuta kirusi chenyewe. Siku tisa za kusubiri majibu nililala sebuleni kwenye mkeka, chakula napewa, salamu naitikiwa, basi. Majibu yakatoka sina virusi, na mke wangu akasomewa yeye mwenyewe ile karatasi mbele yangu.

Kwa hiyo dogo nilimwambia hivi. Kadi ya utafiti ikae kwenye pochi na kitambulisho, piga na picha kwenye simu. Mwenza wako, hata utakayempata miaka mitano ijayo, mwambie mapema kabla kipimo hakijamwambia. Ukitaka kupima nenda kwa wale wale waliokuchanja, wana vipimo vya kutofautisha, na damu usiende kuchangia. Na kama una mpango wa kwenda kutafuta kazi Oman au Saudia fikiria mara mbili, mana kule wanapima ukimwi ili upate kibali na hakuna wa kusikiliza maelezo yako.

Akaniuliza, sasa miaka yote hii mbona chanjo haijapatikana? Nikamwambia imekaribia mara moja tu, Thailand, majibu ya 2009, watu zaidi ya 16,000, ikapunguza maambukizi kwa asilimia 31 hivi, haikutosha. Kuna utafiti mwingine wa chanjo ulioitwa STEP, ulisimamishwa 2007, na baadhi ya wanaume waliochanjwa waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa maji, sikumficha hilo. Na utafiti mwingine wa chanjo, PrEPVacc, uliofanyika Dar, Mbeya, Masaka ya Uganda na Durban ya Afrika Kusini, sindano zake zilisitishwa Novemba 2023 baada ya kuonekana hakuna dalili ya kufanya kazi.

Dogo akakaa kimya, akanywa ile soda iliyoisha gesi, akasema kwa hiyo broo ungerudia? Ningerudia, ila kadi ningempa mke wangu akae nayo. Saa hizi iko nae, kaipachika ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto.