Muulize Shangazi: Mama anasomea kliniki kama mtihani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi nakaa Moshi mjini, mama yuko Kibosho, ana kisukari mwaka wa sita huu. Wiki ya kliniki ikikaribia anabadilika kabisa, siku tatu nne ni mchicha na maharage tu, vidonge hakosi, akipimwa asubuhi inasoma 6, nesi anamsifia, anarudi kwenye daladala anacheka. Kesho yake bakuli la mtori, chai vijiko vitatu vya sukari, vidonge vinarudi kabatini. Ukimsema anakwambia "sukari yangu naijua, ikipanda nitaisikia." Sasa mwezi uliopita akiwa kwenye foleni hapohapo kliniki alianza kutetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki, bahati mama mmoja akampa soda. Sielewi, sukari yake iko juu au iko chini? – Binti, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Tuanze na foleni maana hapo ndo pangekutoa machozi.

Muulize siku ile alimeza nini. Nikikisia, aliambiwa aje bila kula, akaamka saa kumi alfajiri akameza dawa ili kipimo kisome vizuri, akapanda gari, akakaa kwenye benchi mpaka saa tano tumbo tupu. Kama moja ya vidonge vyake ni glibenklamaidi, hicho kinalisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala chenyewe hakijui. Sukari ikaenda chini ya 4. Yule mama wa soda Mungu ambariki, na iwe soda ya kawaida sio ile isiyo na sukari, nusu glasi hivi, au vijiko vinne vya sukari kwenye maji, mnasubiri dakika 15 mnapima tena, akikaa sawa anakula chakula. Akiwa hawezi kumeza msimmiminie kitu mdomoni, mlazeni ubavu mkimbilie msaada. Siku ya kliniki dawa na chakula viende kwenye kikapu, akishatobolewa kidole ndo ale na ameze, ila aulize kwanza kliniki kwake maana dozi zinatofautiana.

Kwahiyo iko juu na iko chini, vyote viwili, inategemea umemkuta siku gani.

Sasa huo mtihani. Mi siwezi kumcheka mama yako, nina kisukari tangu 2012 na nilifanya hivyohivyo miaka miwili mizima. Nesi tunamuona kama mwalimu jamani, unaenda na kadi yako mkononi unaogopa kufokewa mbele za watu. Kilichoniumbua ni kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako ya miezi mitatu. Sukari inajishika kwenye chembe nyekundu za damu na chembe moja inaishi kama siku 120, kwahiyo mchicha wa siku tatu haufuti kitu. Asubuhi ile kidole kilisoma 6.4 nikakaa kifua mbele, majibu ya miezi mitatu yakaja asilimia 10, na wengi wetu tunatakiwa tuwe chini ya 7. Daktari hakufoka, aliniuliza tu "mama, kwani nyumbani huwa unakula nini?" nikaanza kusoma matangazo ukutani.

Na hiyo ya "nitaisikia" ndo inanitisha zaidi. Sukari ikiwa juu, hata 13, unatembea nayo sokoni unapatana bei ya nyanya vizuri tu. Mi Julai moja, baridi ya huku mnaijua, nilikua naota moto jikoni miguu imeelekea mafiga, nikasikia harufu nikadhani jirani anachoma kichwa cha mbuzi, kumbe ni kisigino changu. Maumivu hamna kabisa, mishipa ya fahamu ilishaliwa na sukari kimyakimya. Wiki saba nasafishwa kidonda.

Usimnyang'anye mtori, atakula kwa jirani. Apunguze bakuli, nyama na mboga ziongezeke, sukari kwenye chai hiyo aiache tu hamna namna. Vidonge vitoke kabatini vikae karibu na chupa ya chai, na kama kimojawapo ni metfomini akimeze na chakula tumbo lisimsumbue. Jioni mjukuu amuangalie nyayo na katikati ya vidole, yeye mwenyewe kuinama hawezi. Na akienda kliniki aseme ukweli, maana kwa ile 6 ya uongo daktari ataiacha dozi palepale.

SWALI: Natumia insulini, nimepanga chumba Arusha, friji sina. Naweka kwa jirani ila kuna siku niliikuta imeganda. – Kijana, Arusha

JIBU: Iliyoganda tupa, hata ikiyeyuka haifanyi kazi tena. Kichupa unachotumia sasa hivi hakihitaji friji, kikae pasipo na joto wala jua, nyingi zinaenda kama wiki nne tangu ufungue, andika tarehe juu yake. Vya akiba jirani aweke mlangoni mwa friji, mbali na barafu. Umeme ukikatika sana nunua chungu, weka maji kidogo, kichupa ndani ya kikopo kikavu, chungu kinapoa chenyewe.

SWALI: Shangazi, mbege si ni ndizi na ulezi? Hicho si chakula? – Mzee, Marangu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hiyo hoja nilimsikia nayo marehemu baba miaka yote. Ndizi ipo, ulezi upo, na pombe ipo, na ini likishughulika na pombe linasahau kutoa sukari kwenye damu, ukichanganya na vidonge na tumbo tupu unashuka ghafla usiku. Halafu ukianza kuyumba, pale kilabuni nani atajua ni sukari? Kama ni lazima basi kata moja, umeshakula, na mwenzako mmoja mwambie una kisukari.