Mistari ya mtandao imejaa, kasi haipo: je, busta itasaidia ruta yako ya 5G?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina intaneti ya nyumbani ya 5G, ile ya ruta inayowekwa laini, na huu ni mwezi wa tatu naitumia. Asubuhi napata megabiti 180 kwa sekunde. Kuanzia saa 2 usiku inashuka hadi 15, na video zinakwama. Ruta inaonyesha mistari 3 kati ya 5. Fundi anasema mawimbi ni dhaifu, anataka kunifungia busta (kifaa cha kukuza mawimbi) pamoja na antena ya juu ya paa ili mistari ijae. Nimlipe?

Jibu: Usimlipe. Namba ulizoandika mwenyewe zinamkanusha. Mawimbi yaliyokupa megabiti 180 asubuhi ndiyo hayo hayo yanayofika usiku. Mnara haujahama na ukuta wa nyumba haujaongezeka unene. Usiku kilichoongezeka ni watu. Nyumba zote zilizo upande wako wa mnara zinagawana bendi moja (kipande kimoja cha masafa ya redio), na saa 2 hadi saa 5 usiku zote zinatazama video kwa pamoja. Nyumba moja hutumia data nyingi kuliko simu nyingi zikiwekwa pamoja. Kwa makadirio ya Ericsson ya mwaka 2024, intaneti ya nyumbani ya namna hii ilikuwa inabeba takriban robo ya data yote ya mitandao ya simu duniani, ilhali maunganisho yake hayakufika milioni 200, mbele ya laini za simu zaidi ya bilioni 8. Tena kuna kampuni zinazotanguliza simu mnara unapolemewa, na ruta za nyumbani zinafuata nyuma. T-Mobile ya Marekani inalieleza hilo wazi kwenye masharti yake. Soma masharti ya kampuni yako pia.

Sasa nije kwenye jambo linalopotezea watu fedha kila siku: imani kwamba mistari ikijaa, kasi itakuja. Mistari haipimi kasi. Kwa kawaida inafuata nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye ruta, na kila mtengenezaji anaichora anavyotaka. Haikuambii bendi ina upana gani, mnaotumia ni wangapi, wala mawimbi yako yamechanganyika na kelele kiasi gani. Haikuambii pia kama ruta yako inasikika kule mnarani. Mnara hurusha kwa makumi ya wati na zaidi. Ruta kwa kawaida hurusha miliwati 200 tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mistari 5 na bado sauti yake ikakatika kwenye mkutano wa video.

Achana na mistari. Fungua ukurasa wa ruta (anwani iko kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1) na utafute namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 ni nzuri sana, -100 ni ya wastani, chini ya -110 ni taabu. SINR ni uwiano wa mawimbi yako na kelele pamoja na mwingiliano wa minara mingine: zaidi ya 20 ni safi, 13 hadi 20 inaridhisha, chini ya 5 ruta inahangaika, na chini ya 0 kelele imeyazidi mawimbi. Kama ni kuchagua namba moja ya kufuatilia, chagua SINR. Hiyo ndiyo inayoamua mnara ukutumie biti ngapi kwa kila mpigo.

Pima hivi. Unganisha kompyuta kwa kebo ya LAN moja kwa moja kwenye ruta na uzime Wi-Fi, maana malalamiko mengi ya “5G mbovu” ni Wi-Fi iliyozibwa na kuta za ndani. Pima saa 11 alfajiri, saa 8 mchana na saa 3 usiku, kwa siku tatu. Kila mara andika kasi ya kupakua na ya kupakia, RSRP, SINR, bendi, na namba ya seli (eneo linalohudumiwa na antena moja ya mnara) iliyoandikwa PCI.

RSRP na SINR zikibaki pale pale huku kasi ikianguka, huo ni msongamano, na hakuna kifaa utakachofunga nyumbani kitakachouondoa. Peleka namba hizo kwa kampuni na uulize kama kuna sekta nyingine (upande mwingine wa mnara) au bendi nyingine inayokufikia. RSRP ikitulia lakini SINR ikashuka, tuseme kutoka 18 hadi 5, basi seli za jirani zimezidiwa na zinakuingilia. Hapo mahali pa ruta pana maana: isogeze kwenye dirisha linaloutazama mnara wako na lililojificha dhidi ya minara mingine. PCI ikibadilika kila usiku, ruta inarukaruka kati ya seli mbili, na kuihamisha kunaweza kuituliza kwenye moja.

Unapoihamisha, hamisha kwa sentimita 10 hadi 20, izungushe kidogo, kisha ngoja dakika mbili kabla ya kusoma namba. Kwenye 3.5 GHz, masafa yanayotumiwa sana na 5G, urefu wa wimbi hauzidi sentimita 9, kwa hiyo kuivuta kidogo tu pembeni kunaweza kubadilisha kila kitu. Iepushe na friji, tangi la maji na fremu za chuma. Vioo vyenye utando wa kuzuia joto vinaweza kula desibeli 20 au zaidi, yaani kubakiza asilimia 1 tu ya nguvu ya mawimbi au chini ya hapo. Jaribu pia dirisha likiwa wazi.

Turudi kwenye busta. Nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa ajili ya 900, 1800 na 2100 MHz. Hazigusi kabisa 3.5 GHz, ambako mara nyingi 5G ya kasi ipo. Ukiiwasha, ruta inaona bendi ya zamani ina nguvu, inaikimbilia, na mistari inajaa. Fundi anakuonyesha mistari 5 na anaondoka na fedha zako. Ulichofanyiwa ni kuhamishwa kutoka bendi yenye upana wa hadi 100 MHz kwenda yenye 10 au 20. Wanaofunga ruta kwenye bendi ya 800 MHz kwa sababu tu “inashika vizuri” wanajifanyia kosa hilo hilo bila hata kulipa.

Hata busta inayogusa bendi sahihi hukuza kelele sambamba na mawimbi na kuongeza kelele yake yenyewe, kwa hiyo SINR huenda isipande. Mara nyingi inapitisha njia moja tu ya mawimbi, wakati ruta yako inategemea mbili au nne kwa pamoja. Kwenye 3.5 GHz kutuma na kupokea hupokezana juu ya masafa yale yale. Busta isiyofuata zamu hizo inarusha mnara unapopaswa kusikiliza. Antena yake ya nje ikiisikia ile ya ndani, inajizungusha yenyewe na kuanza kulia kama kipaza sauti kilichosogezwa karibu na spika, na mtaa mzima unaharibikiwa. Nchi nyingi zinakataza kuifunga bila idhini, na kampuni ya simu ikitafuta chanzo cha kelele hiyo itafika mlangoni kwako, si kwa fundi.

Antena ya paa ni kitu halali, ila si kwa tatizo lako. Inafaa RSRP ikiwa chini ya -105 hivi, au SINR ikiwa mbaya saa zote. Hata hapo, uliza kebo. Mita 10 za kebo nyembamba aina ya RG58 kwenye 3.5 GHz hupoteza zaidi ya desibeli 10. Antena ya 10 dBi, yaani inayoongeza desibeli 10, inakuwa imefutwa yote kabla mawimbi hayajafika kwenye ruta. Antena iwe na njia mbili zilizoinama digrii 45 kila upande. Ya njia moja inaweza kukata kasi nusu, kwa sababu kwenye ruta nyingi ukichomeka ya nje, za ndani zinazimwa. Mara nyingi afadhali ruta ya nje kabisa, inayofungwa ukutani na kupata umeme kupitia kebo ya LAN. Kebo hiyo inaweza kwenda hadi mita 100 bila kupoteza chochote cha mawimbi ya redio.

Wapo pia wanaouza kubadilisha namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ili ruta ijifanye simu na kutumia bando la simu. Nchi kadhaa zinahesabu hilo kuwa kosa la jinai, na laini ikigunduliwa inaweza kufungwa. Kubadilisha DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake) kunaweza kuharakisha ukurasa kuanza kufunguka. Megabiti haiongezi hata moja. Programu za “kuongeza kasi ya 5G” haziwezi kugusa chochote kilichoko mnarani.

Fundi yeyote atakayekuja, mwambie aandike RSRP, SINR, bendi na kasi ya saa 3 usiku kabla ya kufunga, na apime tena usiku mwingine saa hiyo hiyo baada ya kufunga. Malipo yafuate kipimo cha pili. Anayetaka fedha mchana, kwa kukuonyesha mistari, mrudishe alikotoka.