Ukibuni mikisa ya filamu, anza na sehemu ya kusikilizia

Wengi wakitaka kubuni mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, huuliza kwanza: chaneli, yaani njia za kuingizia sauti, ngapi? Nami nilianza hivyo hivyo. Meza yangu ya kwanza ya filamu ilijaa chaneli, sehemu ya kusikilizia, ambapo fundi huchagua asikie nini, nikaibana pembeni kabisa, kulia.

Siku ilipoanza kazi nilikaa nyuma ya fundi sauti wa mazungumzo. Chumba kilikuwa giza, macho yake kwenye skrini. Kila alipotaka kulinganisha sauti iliyokwisha kurekodiwa na ile anayoitengeneza, aliacha feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), akainama, akapapasa vitufe sita vilivyofanana umbo na ukubwa. Mara ya nne akabonyeza cha kurekodi muziki. Muziki ukaingia kurekodi, na sekunde kadhaa za kazi iliyokwisha kukubaliwa zikafutika. Hakunilaumu, ila kosa lilikuwa langu, na liliniuma.

Filamu huchanganywa kwa mafungu matatu yanayotunzwa mbalimbali: mazungumzo, muziki, na sauti za matukio kama hatua, milango na mvua. Ndiyo maana filamu ikiingizwa lugha nyingine, mazungumzo huondolewa na mengine yakabaki. Kwa mfumo wa 5.1, yaani spika tano na njia moja ya besi, kila fungu lina njia 6, jumla 18. Swichi ya kulinganisha inageuza njia zote sita za fungu kwa pigo moja, na isitoe hata mlio mdogo. Pima pande zote mbili mpaka zilingane kabisa, kwani upande uliozidi kwa nusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) tu utaonekana bora, na fundi atachagua vibaya.

Vile vitufe vya kulinganisha niliving'oa. Nikaweka vijiti vya chuma, kimoja kwa kila fungu, karibu kabisa na feda: juu unasikia kilichorekodiwa, chini unasikia kinachoingia. Vitufe vya kurekodi nikavizungushia ukingo ili kidole kijue kimefika wapi.

Nobu ya sauti nayo iwe na alama ya kudumu. Kwenye kumbi za kuchanganyia filamu za sinema, kila spika ya mbele hupimwa desibeli 85. Fundi akipoteza alama hiyo, mazungumzo yake yatakuwa madogo au makubwa mno ukumbini.

Kabla hujatoboa bati, chora meza nzima kwenye kadibodi kwa ukubwa wake halisi. Mwite fundi akae, zima taa, mwoneshe filamu, kisha tazama mikono yake inakwenda wapi.