Ngome ya wafalme karibu na Paris? Nenda Vincennes
Una nusu siku tu Paris na unataka ngome ya zamani kweli? Basi achana na Versailles, lile kasri ni la juzi tu. Panda metro namba 1 hadi kituo cha mwisho mashariki; ukitoka nje, ngome hii hapa. Mnara wake una mita 50 hivi, ulikamilika enzi za Charles V, mfalme wa Ufaransa, karne ya 14. Mfalme Henry V wa Uingereza alifia ngomeni humo mwaka 1422. Baadaye mnara ukawa gereza, na mwandishi Diderot alifungwa humo 1749. Ngazi zake ni za kuzunguka, nyembamba, kwa hiyo viatu vya kuteleza viache hotelini. Halafu sogelea kuta uone michoro iliyoachwa na wafungwa. Mimi hapo ndipo niliganda.