Kutia mkono kwenye maji ya barafu ili kupima presha: jibu kwa ndugu wa Chake Chake

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kumpima mzee wako nyumbani kwa kumtia mkono kwenye barafu, ujue kama moyo wake uko hatarini. Kipimo hicho ni cha kweli, Hines na Brown wa Mayo Clinic, Marekani, walikieleza miaka ya 1930. Ila kwa mzee mwenye presha usikifanye. Baridi kali hubana mishipa ya damu na presha hupanda ghafla. Mishipa ya moyo iliyokwisha kuharibika nayo huweza kujibana badala ya kutanuka. Mwenye seli mundu pia asiguswe, baridi humwamshia maumivu. Kadhalika mwenye jeraha mkononi, au ambaye vidole humgeuka vyeupe kwa baridi.

Kinavyofanywa kliniki: mtu hupumzika kimya nusu saa, bila kahawa wala sigara, na presha hupimwa mpaka itulie. Kisha mkono mmoja huzamishwa mpaka kifundo kwenye maji ya nyuzi 4 kwa dakika moja, presha ikipimwa mkono wa pili kwenye sekunde ya 30 na ya 60. Namba ya juu ya presha ikipanda kwa zaidi ya 20, au ya chini kwa zaidi ya 15, huyo huhesabiwa mwenye mwitikio mkali.

Tatizo kubwa huku kwetu ni maji. Ya bomba yana joto, vipande viwili vitatu vya barafu haviyafikishi nyuzi 4. Barafu ivunjwe ndogondogo, ikorogwe, na kipimajoto kikae ndani muda wote. Mkono nao hupasha maji yanayouzunguka, kwa hiyo lazima mtu aendelee kukoroga taratibu, la sivyo nusu ya pili ya dakika si baridi ile ile. Mashine nyingi za kujipima zinachelewa, zinaweza kula zaidi ya nusu dakika, basi hujui namba ni ya sekunde ipi. Na anayepimwa akibana pumzi kwa uchungu, presha hubadilika kwa hilo peke yake.

Hata kikifanywa sawasawa, waliopanda sana wengine hawapati maradhi, na wasiopanda wengine wanapata. Mzee mpime presha ya kawaida siku 7, asubuhi na jioni, mara mbili kila wakati, amekaa, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Namba zote ziandike umpelekee daktari, na umwombe ampime sukari na lehemu. Dawa zake asiache hata siku moja.