Barua kwa Mwanangu: Chema Chajiuza, na Kazi Uliyoitwa Kuifanya

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykumu salaam. Barua yako niliipata Alkhamisi, nikaisoma mara mbili barazani kabla ya kumpa mama yako. Umeniarifu kwamba kampuni moja ya huko Dar es Salaam inakutaka uwe afisa uhusiano wa wasanii wake na wa hoteli mbili za huku kwetu, na umeniuliza swali ambalo, nakiri, limenitahayarisha kidogo: mimi niliyekulea kwa methali ya "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", nasemaje juu ya kazi ambayo mshahara wake ni wa kutembeza? Tena umetaka kujua kazi yenyewe ilianzia wapi.

Methali hiyo nilikuwa nikiisema kwa wepesi mno. Siti binti Saad wa Fumba, kabla Unguja haijamjua, alikuwa akitembeza vyungu na kuwaita wanunuzi kwa kuimba, na sauti hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Chema, basi, nacho kilitembezwa, tena na mwenyewe. Ila Siti alikuwa na mzigo wake. Wewe utabeba wa mwenzio. Mpiga mbiu naye alibeba maneno ya mwingine, lakini kila aliyesikia pembe ikilia alijua nani kamtuma. Afisa uhusiano hufanya jambo jengine kabisa: hayalipii maneno yake kama tangazo, bali humpelekea mwandishi wa habari, na msomaji huyakuta gazetini kana kwamba mwandishi mwenyewe ndiye aliyeyatafuta. Nguvu ya kazi hii iko hapo, na hatari yake pia iko hapo.

Historia yake ni ya Marekani zaidi kuliko kwengine. Mwanzo walikuwapo wapiga debe wa maonyesho, na mashuhuri wao ni P. T. Barnum, ambaye mwaka 1835 alimwonyesha kwa kiingilio bibi mmoja mtumwa, Joice Heth, akidai kwamba ana umri wa miaka 161 na kwamba alimlea George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Bibi huyo alipofariki, daktari aliyeupasua mwili wake mbele ya watazamaji alisema hakuzidi miaka 80. Wako wanaoisimulia habari hiyo kwa kicheko. Sisi wa Unguja, tunaojua soko la watumwa lilikuwa wapi, hatuwezi.

Aliyeitafutia kazi hii heshima ni Ivy Lee, mwandishi wa habari wa New York aliyehamia upande wa pili. Mwaka 1906 aliwapelekea wahariri waraka akiahidi kwamba atafanya kazi yake hadharani, na kwamba mhariri akitaka kuhakiki jambo lolote atasaidiwa. Oktoba ya mwaka huo huo, treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, wakafa watu zaidi ya 50. Desturi ya kampuni za reli ilikuwa kuficha. Lee, aliyekuwa akiwafanyia kazi, akawashauri watoe taarifa wenyewe na wawasafirishe waandishi hadi penye ajali wakajionee. Gazeti la New York Times liliichapa taarifa hiyo neno kwa neno, na wengi huihesabu kuwa taarifa ya kwanza ya aina yake kwa vyombo vya habari.

Kila nikikumbuka kisa hicho hunijia siku moja nilipokuwa bado chumba cha habari. Hoteli moja ya pwani ya mashariki ilikuwa inaungua, makuti yanawaka, moshi unaonekana kutoka kijiji cha pili, na afisa uhusiano wake akatuambia kwa simu kwamba wapishi wanachoma samaki. Kijana wa watu huenda aliamrishwa. Lakini tangu siku hiyo, kila taarifa yenye jina lake, hata ya kweli, tuliiweka kando mpaka tupate mtu mwengine wa kuithibitisha, na hoteli ikawa inamlipa mtu ambaye hakuna mhariri anayemsikiliza.

Sitaki, hata hivyo, ufikiri kwamba Lee alibaki vile vile. Aprili 1914, huko Ludlow, Colorado, askari na walinzi wa migodi walishambulia mahema ya wachimba makaa waliogoma, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanawake na watoto. Mgodi ulikuwa wa akina Rockefeller, matajiri wakubwa wa Marekani. Wakamwajiri Lee, naye akasambaza vijitabu vilivyokuwa na habari za uongo dhidi ya viongozi wa wagomaji. Mwandishi Upton Sinclair akambandika jina la mmea wa sumu unaofanana na jina lake, kama sisi tungemwita mtu Upupu. Waraka wa 1906 ulikuwa bado upo, na aliyeuandika ni yeye.

Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, yule daktari mashuhuri wa mambo ya nafsi, alikwenda njia nyengine, ya kutunga tukio ili magazeti yalifuate. Mwaka 1929, kwa malipo ya kampuni ya tumbaku, alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika maandamano ya Pasaka ya New York, na magazeti yakaandika kwamba ni habari za uhuru wa mwanamke. Ulikuwa werevu mkubwa, nami siupendi. Utaukuta kila siku katika kazi yako, hasa kwa wasanii, ambao ugomvi wao na mapenzi yao mara nyingi hupangwa kabla ya wimbo kutoka.

Kazi hiyo, basi, sikukatazi. Nakukataza bahasha: usimpe mwandishi pesa ili aandike, hata ukiambiwa ni nauli yake. Na kabla ya kutia sahihi mkataba, waulize wenye kampuni maswali mawili: likitokea baya, nitaambiwa ukweli kabla ya kutumwa kusema? Na nikikataa kusema nisichokiamini, nitafukuzwa? Watazame nyuso wakati wanajibu, kisha niandikie walivyosema, neno kwa neno. Mama yako anakuletea halua kwa boti ya Jumamosi.

Baba yako