Siku mkitaka kuhama, mtaondoka na nini?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa kujitolea katika asasi ndogo ya hisani, na sehemu kubwa ya muda huo imeliwa na kazi ambayo sikuitarajia: kusimamia michango inayoingia kwa njia ya mtandao. Tumeshabadilisha mtoa huduma mara mbili. Mara ya kwanza tulihama kwa papara, tukapoteza karibu nusu ya watu waliokuwa wakituchangia kila mwezi. Ndiyo maana mtu akiniuliza achague huduma ipi, humrudishia swali: siku mkitaka kuhama, mtaondoka na nini?

Nitafika huko. Kwanza makato, maana kila kamati huanzia hapo, na yetu ilianzia hapo.

Chukua kiwango cha kawaida ambacho Stripe, kampuni inayochakata malipo ya mtandaoni, hutangaza kwa malipo ya kadi ya ndani nchini Marekani: asilimia 2.9 ya kiasi kilicholipwa, pamoja na senti 30 kwa kila muamala. Aliyetoa dola 100 hukatwa dola 3.20. Aliyetoa dola 5 hukatwa takriban senti 45, yaani karibu asilimia 9 ya alichotoa. Asasi inayoishi kwa michango midogo midogo ya watu wengi huumizwa na zile senti 30, na inayopokea michango mikubwa michache huumizwa na asilimia. Kwa hiyo, kabla hujaweka kampuni mbili kwenye mizani, fungua daftari lako uone wachangiaji wako hutoa kiasi gani kwa kawaida. Sisi tulikaa vikao viwili tukibishana kuhusu tofauti ya nusu asilimia, ilhali kilichokuwa kinatumaliza ni ada isiyobadilika.

Stripe na PayPal zina viwango nafuu kwa mashirika ya hisani yaliyothibitishwa katika baadhi ya nchi. Viwango hivyo huombwa, kwa hiyo peleka vyeti vyako vya usajili mapema. Kumbuka pia kwamba makato yanaweza kuwa ya tabaka mbili: la kampuni inayochakata malipo, na la jukwaa linalokupa ukurasa wa mchango. Yapo majukwaa yasiyokata chochote kwa ajili yao. Badala yake humwomba mchangiaji aongeze kidogo kwa hiari, kama GoFundMe inavyofanya. Utaratibu huo unaweza kuwafaa, lakini ujaribu mwenyewe kwanza. Angalia kama nyongeza hiyo imejazwa tayari, na kama mtu wa kawaida anaweza kuiondoa bila kuhangaika. Mchangiaji wetu mmoja alitupigia simu akiwa na hasira kwamba amelipa zaidi ya alichokusudia, na nilikuwa upande wake.

Sasa nirudi kwenye kuhama.

Asasi haipaswi kuhifadhi namba za kadi za watu. Kampuni za kadi zina kanuni zao za usalama, PCI DSS, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2004, na kuzitimiza zote peke yenu ni mzigo ambao asasi ndogo haiuwezi. Kwa hiyo kampuni ya malipo huitunza namba yenyewe, nanyi mkapewa tokeni, yaani msimbo unaosimama badala ya kadi. Kwa tokeni hiyo mchango wa kila mwezi hukatwa bila mtu kuandika kadi upya. Ni mpango mzuri, ila kwa kawaida tokeni ya kampuni hii haitambuliki kwa kampuni ile. Mkihama, kadi hubaki kwa mliyemwacha, isipokuwa akubali kuzihamishia moja kwa moja kwa mchakataji mpya kwa njia salama.

Mkataba wetu wa kwanza haukusema lolote kuhusu jambo hilo, na sisi hatukuuliza. Tulipoomba kadi zihamishwe tukajibiwa kwamba haiwezekani. Tukabaki na orodha ya majina na baruapepe, tukamwandikia kila mtu kumwomba aingize kadi yake tena. Baadhi walifanya hivyo siku ileile na maneno ya kututia moyo juu. Wengi walinyamaza. Siamini kwamba walikuwa wametuchoka. Mtu aliyeweka mchango wake ujiendee wenyewe tulimwamsha na kumpa kazi mpya, naye ana mambo yake. Miongoni mwao kulikuwa na watu waliotusaidia tangu tulipoanza, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi kabla ya kusaini: akaunti ya malipo ni ya nani? Kuna majukwaa ambako asasi hufungua akaunti yake yenyewe kwa mchakataji, kisha jukwaa likaunganishwa nayo. Hapo ukibadilisha jukwaa, akaunti na kadi zake bado ni zako, ingawa ratiba za michango zinaweza kuhitaji kupangwa upya. Kwingine, fedha zote hupitia akaunti ya jukwaa na asasi hupewa mgawo wake baadaye, pengine bila hata majina ya waliotoa. Utamshukuruje mtu usiyemjua? Mimi ningekubali makato makubwa kidogo ili niwe na akaunti yangu na orodha yangu.

Huduma tunayotumia sasa tuliichagua kwa vigezo hivyo, lakini nayo ilikuja na somo lake. Asubuhi moja nilikuta arifa za michango kwa mamia, yote ya kiasi kidogo mno, imeingia usiku. Kwa dakika chache nilifurahi kwa moyo wote. Kisha nikaona majina yasiyo na maana na kadi nyingi zilizokataliwa mfululizo. Walikuwa wezi wa namba za kadi, wakitumia fomu yetu kujua kadi zipi bado ziko hai. Fomu za mchango huwavutia kwa sababu hakuna bidhaa ya kusafirisha na mara nyingi mtu huruhusiwa kuandika kiasi chochote. Hasara haiishii kwenye zile senti. Mwenye kadi akipinga malipo, asasi inaweza kutozwa ada ya pingamizi iliyo kubwa mara nyingi kuliko mchango wenyewe, na mapingamizi yakizidi, akaunti yenyewe inaweza kufungwa.

Tulirudisha fedha zote siku hiyohiyo bila kusubiri kulalamikiwa. Kisha tukaweka kiwango cha chini cha mchango, kapcha (jaribio dogo la kuhakikisha anayejaza fomu ni mtu, si programu), kikomo cha majaribio kutoka anwani moja ya mtandao, na arifa ya simu michango inapoongezeka ghafla. Muulize mtoa huduma anayo yapi kati ya hayo. Akiwa haelewi unazungumzia nini, tafuta mwingine.

Kuhusu taarifa za wachangiaji, kusanya chache. Mwaka 2020 kampuni ya Blackbaud, inayohudumia mashirika ya hisani na vyuo vikuu vingi, ilivamiwa na wadukuzi waliodai fidia, na taarifa za watu wengi zikachukuliwa kutoka kwenye mifumo yake. Baada ya kusoma habari hizo tulifuta kwenye fomu yetu tarehe ya kuzaliwa na namba ya pili ya simu. Hakuna aliyekuwa akizitumia. Ila usifute kinachotakiwa na kodi: Uingereza, mpango wa Gift Aid huiongezea asasi peni 25 kwa kila pauni 1, lakini lazima mchangiaji awe ametoa tamko kwamba hulipa kodi; na Marekani, mchango wa dola 250 au zaidi huhitaji uthibitisho wa maandishi ndipo mtoaji aweze kudai nafuu ya kodi.

Kadi nazo huisha muda. Visa na Mastercard zina utaratibu wa kuwapa wafanyabiashara namba mpya kadi inapobadilishwa, na baadhi ya watoa huduma huutumia wenyewe bila wewe kufanya lolote. Uliza kama wako anautumia. Malipo yanaposhindikana, ule ujumbe wa moja kwa moja wa mfumo uandike upya kwa maneno yako. Wetu wa mwanzo ulisomeka kama barua ya kudai deni, ukipelekwa kwa mtu ambaye hatudai chochote.

Siku hizi, kila tarehe mosi, huchangia kiasi cha chini kabisa kwa simu yangu, kwa kadi yangu, kama mgeni. Nahesabu hatua, nasoma risiti, na nafuatilia siku ambazo fedha hiyo huchukua hadi kuonekana benki. Mwezi uliopita risiti ilikuja bila jina la asasi kwenye kichwa cha habari. Tuliirekebisha kabla ya saa sita mchana.